Kitambaa cha Wageni

Sena mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi, pazia la mlango bado linacheza, umekwenda Frere Town kuwaaga wenzako wa kwaya. Na yangu usiniulize. Nimekaa kwenye cherehani, nimelisukuma pembeni gauni la watu ambalo mwenyewe alilitaka tangu jana, na mahali pa nguo nimeweka karatasi. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la saba, wa mtu aliyeandika vipimo vya viuno vya watu zaidi kuliko alivyoandika maneno. Soma pole pole. Ukikuta neno limekatwa, jua nilianza na jingine baya zaidi.

Mambo ya pasipoti, ya sindano, ya ndege ya kwanza na ndege ya pili, hayo umeshaelezwa na wanaoyajua. Kesho mimi mwisho wangu ni Miritini, pale kwenye geti la treni ambapo askari hamruhusu asiye na tikiti. Sitaweza kukwambia kitu pale. Nitakwambia umevaa sweta, utanijibu ndiyo, basi. Kwa hiyo nakwambia hapa.

Watu wote wanasema Sena anakwenda Benin kwa mara ya kwanza, na wewe mwenyewe unasema hivyo. Ulishafika. Ulifika mgongoni mwangu, meno hayajatimia mdomoni, wakati kama huu huu, mvua zao zikiisha. Vipande vya habari hiyo umevisikia, vingine kwa bibi yako, vingine kwa Bi Rukia hapo mlango wa pili, ambaye hujua hata asiyoambiwa. Yote kwa mpango wake hujayasikia kwangu. Kila nilipotaka kuanza ulikuwa mdogo, halafu nikageuka nikakuta umekuwa mkubwa, na leo una umri niliokuwa nao mimi nilipopanda ile ndege.

Nianze na kicheko, maana najua ulikisikia. Siku shangazi yako alipotuma habari kwamba baba yako amefariki, lakini hatazikwa mpaka mvua ziishe, mimi nilikuwa barazani na Bi Rukia, wewe uko ndani. Ilikuwa masika yetu hapa. Nikamweleza kwamba huko hawamziki mtu barabara ikiwa tope na ndugu wako mbali. Wanamweka kwenye baridi, wanangoja ardhi ikauke, watu wakusanyike, sare ishonwe. Bi Rukia akashika kiuno. "Sisi maiti hata kitanda chake hakijapoa keshazikwa," akasema. "Huyo wenu anangoja nini, viza?" Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikakaa chini. Na wewe ulikuwa unalia huko ndani. Uliponyamaza ghafla nilijua umetusikia, na siku ile nzima hukunisemesha.

Naomba radhi kwa kile kicheko. Lakini machozi ya kukupa sikuwa nayo, na sina mpaka leo. Mtu aliyenifanya nikae kwenye dirisha nikingoja honi ya teksi mwaka na zaidi, kungojeshwa yeye na mvua msimu mmoja sikuona ni adhabu kubwa.

Nilimkuta Changamwe. Nilikuwa nauza mahamri na mbaazi kando ya njia ya kwenda Port Reitz, na yeye alikuwa fundi wa mashine wa meli moja kuukuu iliyofungwa bandarini kwa kesi ya wenyewe. Wenzake walipochoka kungoja walitawanyika. Yeye akapata kibarua gereji, na kila asubuhi akaja kula. Hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji, alikuwa akinyoosha kidole. Nikaanza kumfundisha kwa vilivyokuwa mbele yetu: sahani, kijiko, ongeza, moto, kaa. Sogea nilimfundisha siku alipotaka kukalia sufuria ya mbaazi. Watu wa gereji walimwita Mfaransa, na mimi wakinitania, Dama, mwanafunzi wako leo kachelewa, nami nikijifanya nahesabu sahani. Alijifunza upesi. Alikuwa na sikio zuri, na ile sauti unayoitoa wewe unapoimba chini chini ukifua. Siku aliyosema, "Ongeza mbaazi kidogo, mama," bila kukosea popote, nilimwongezea nisimdai. Ndivyo nilivyoanza kupotea, kwa kujiona mwalimu.

Meli ilipouzwa akarudi kwao. Wewe ulikuwa tumboni. Alisema atakuja kutuchukua, nikamwamini kwa sababu alilisema kwa Kiswahili. Sijui kama unanielewa. Maneno yale nilimpa mimi, moja moja, na nilidhani mtu hawezi kukudanganya kwa maneno uliyompa mwenyewe.

Ukazaliwa. Akakupa jina kwa simu, Senami, kwa lugha yao ni kusema Mungu amenipa. Sisi tukalikata likatosha midomo ya Kisauni.

Mwaka uliofuata akatuita. Baba yake alikuwa amekufa siku nyingi, na walikuwa wanamfanyia ile karamu yao kubwa ya kumkumbuka, mvua zikimalizika. Alituma tikiti. Kwetu, mwanamke akiitwa kwa kina mume na mtoto mgongoni, hapo anakwenda kuonyeshwa kwake. Hakuna maana nyingine. Bibi yako alinifungia halua, akanifungia korosho, akaweka na leso doti tatu za kumpa mkwe wangu, na asubuhi ya kuondoka akaniambia nisijisahau, mgeni ni kuku mweupe. Nikamwambia mimi si mgeni, nakwenda kwangu. Akaninyamazia. Unamjua bibi yako. Akinyamaza, ameshajibu.

Tulifika mvua ikiaga. Huko mvua haikatiki siku moja. Inaondoka kama mtu aliyesahau kitu, inarudi, inanyesha kidogo, inaondoka tena, na jua linalokuja nyuma yake linakuchoma kama mvuke wa sufuria. Barabara ya kwenda kijijini kwao ilikuwa nyekundu, imechimbwa na maji, na kwenye madimbwi yaliyobaki watoto walikuwa wanavua visamaki kwa vikapu. Petroli inauzwa kando ya njia kwenye chupa kubwa za kioo, rangi yake kama chai ya rangi. Nguo ukianika hazikauki, zinaota ukungu kwenye kamba. Kila kitu kilikuwa kigeni machoni pangu mpaka tulipofika karibu na pwani nikaona minazi. Minazi mingi, Sena, na mtu yuko juu ya mmoja, kisu kiunoni, kama wajomba zangu Kaloleni. Nikasema moyoni, nimefika nyumbani.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, na mengine yote yalizaliwa hapo. Niliona minazi nikadhani nawajua wenye minazi.

Walitupokea vizuri, sitawasingizia. Mkwe wangu alinipa maji kwenye kibuyu kabla hajaniuliza jina. Tulipewa chumba chenye godoro jipya. Nyama nilitengewa ya kwangu. Baba yako alilala nyumba nyingine, akaniambia ndiyo mila ya wakati wa karamu, nami nikaiheshimu mila. Asubuhi nikaenda jikoni uani. Wanawake walikuwa wanakanda unga wa mahindi, ule wao mchachu, wanaufunga kwenye majani makubwa. Nikachukua jani nami nifunge. Wakalitoa mkononi mwangu, wanacheka, wakanirudisha kwenye kiti. Nikashika ndoo, wakaitwaa ndoo. Nikashika ufagio, wakauficha nyuma ya mlango. Kila nikiinuka wananikalisha.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikaja ikapita, na ya nne. Jembe sikupewa, wala mwiko. Na mimi, niliyelelewa kwa msemo huo tangu natambaa, nikaona raha. Nikampigia simu bibi yako nikamwambia kwa majivuno kwamba huku sishiki hata ufagio.

"Hata ufagio?" akauliza.

Nikamwambia hata. Akanyamaza mpaka simu ikakatika.

Siku ya karamu yenyewe, asubuhi, dada wa baba yako akaniletea kitambaa kimekunjwa. Huyu huyu shangazi yako Clarisse, wakati huo msichana mwembamba ambaye hakuwa ananitazama usoni, na nilidhani ni haya. Kitambaa kilikuwa cha manjano, kina maduara ya kahawia kama vitunguu vilivyokatwa. Nikajua ni sare. Sare tunaijua sisi. Arusi gani ya kwetu isiyo na sare? Kulikuwa na fundi uani ana cherehani ya mkono, akanishonea blauzi na sketi papo hapo, kipande kilichobaki nikakifanya mbeleko yako. Nikatoka nje. Nilipendeza, sitaki kukuficha, nilipendeza mpaka nikajiona kwenye macho ya watu. Nikaona wengine wamevaa manjano kama mimi, na wengine buluu yenye vidoa vyeupe. Kwetu upande wa bwana huwa na yao na upande wa bibi arusi yao, nikadhani ni hayo hayo. Nikacheza. Wewe mgongoni unarukaruka, unacheka ule mcheko wako wa kukohoa, na watu wa manjano wanatupigia makofi.

Halafu mpiga picha akaita picha ya familia.

Wakajipanga mbele ya nyumba. Mkwe wangu kwenye kiti katikati, baba yako nyuma yake, amevaa buluu. Nikaenda nikasimama ubavuni kwake. Ningesimama wapi pengine? Upande wake wa pili kulikuwa na mwanamke wa buluu, mbele yake watoto wawili wa buluu, nikamsalimu kwa kichwa nikidhani ni mke wa ndugu yake. Mpiga picha akapunga mkono, akasema jambo kwa Kifaransa. Sikusogea, sikujua ananiambia mimi. Akapunga tena. Watu wakaanza kutazama chini. Ndipo baba yako akaniinamia sikioni.

"Sogea kidogo, Dama," akasema. "Hii ni picha ya nyumba."

Kwa Kiswahili. Kisafi, bila kosa hata moja.

Kuna jambo lililofuata ambalo hukulisikia kwa mtu, maana hakuna aliyeliona ila mimi na bibi yako wa huko. Alininyooshea mikono miwili. Sikuhitaji mkalimani. Wewe toka, mtoto mpe. Na mapajani kwake alikuwa na kipande cha ile ya buluu, kimepindwa pembeni vizuri, cha ukubwa wa mtoto. Alikuwa amekuandalia. Mimi nikakaza fundo la mbeleko kifuani, nikasogea. Na wewe nikakusogeza. Wakapiga picha yao, sisi tuko pembeni karibu na masufuria.

Umeniuliza tangu mdogo kwa nini hakuna picha yako na baba yako hata moja. Nilikuwa nikikujibu hakukuwa na kamera.

Mwanamke mmoja wa manjano, mfanyabiashara aliyejua Kiingereza, akanivuta tukakae. Akanieleza bila kunionea huruma, na mpaka leo namshukuru. Buluu ni ya nyumba, manjano ni ya wageni. Yule mwenye watoto wawili ni mke wake wa kanisani, wa mahari, tangu kabla ya meli. Nilipompata baba yako peke yake nilimwuliza swali moja, aliniitia nini. Akasema mama yake alitaka kumwona mtoto.

Nilirudi na wewe, na ile mbeleko ya manjano. Blauzi na sketi niliziacha juu ya godoro lao jipya. Mbeleko nilitaka kuitia moto nikifika, bibi yako alikuwa ameshawasha jiko. Lakini wewe ulikuwa hulali bila hiyo. Tulijaribu leso zote za nyumba hii, ukalia usiku kucha, mpaka jirani akagonga ukuta. Nikakufunga kwenye kitambaa cha wageni ukalala pale pale, kidole mdomoni, na mimi nikakuimbia kwa hasira. Nadhani hasira hiyo uliinyonya.

Sasa nikwambie jambo ambalo limenichukua miaka kuliona, na nililiona juzi juzi tu, siku ile tulipokwenda Kiembeni kwa binamu yako. Ulikaa ukingoni mwa kochi. Wenzako wamejitupa, mmoja amelala kwenye zulia, mwingine amefungua friji mwenyewe, na wewe una sahani magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayengoja jina lake kuitwa hospitalini. Ukasema asante mara nyingi mno. Mwenye nyumba akasema, mtoto wa Dama ana adabu. Nikataka kulia.

Maana nani aliyekufundisha? Usiguse cha watu. Usile ukashiba kwa watu. Usikae sana, watakuchoka. Ukiona wanapiga picha, ngoja uitwe. Kila siku, tangu unaanza kusikia. Mwenyewe nilidhani nakukinga. Wale walinivisha ya ugeni asubuhi moja, Sena, na mimi nikakuvisha wewe utoto wako wote, hata katika nyumba za ndugu zako, hata hapa. Kuna siku nilirudi kutoka soko la Kongowea nikakukuta umesimama na njaa kwenye chumba hiki hiki, unangoja nije nikuruhusu kukata mkate. Nilikusifu.

Baba yako yeye alibaki na simu za Krismasi, na baadaye zile za video ambazo ulikuwa ukitia mafuta nywele kabla ya kuzipokea. Ulimpenda. Sikukuzuia, na sikukusaidia pia. Nilikuwa nikitoka nje niseme nakwenda kuangalia maji kama yamekuja. Ulipoanza kujisomea kile Kifaransa ili uzungumze naye kwa lugha yake, nilisikia wivu ambao mtu mzima hapaswi kuusikia. Nilikuwa nikijiambia, atajua naye, ngoja aende akapewe kitambaa. Mama mzima nimekaa nangoja mwanangu aaibishwe ili niwe na mwenzangu. Hilo neno nimelikata mara tatu na nimelirudisha. Libaki.

Hapo tunafika kwenye begi lako.

Shangazi yako alipokueleza kwamba kila mtoto wa marehemu huja na nguo yake ya kumfunika baba, ailaze juu yake kabla ya sanduku kufungwa, ulikwenda Kongowea mwenyewe, hukunitaka nikusindikize. Ukarudi na kile kikoi, cheupe chenye ukingo wa zambarau. Ulisema uliwahi kuona kwenye simu amejifunga kikoi cha aina hiyo, kimechakaa, na ukajua alikitoa huku. Ni kweli. Nilimnunulia mimi. Ukakikunja, ukakiweka chini kabisa ya begi ndani ya mfuko wa plastiki.

Leo mchana ulipokwenda kusukwa, nilikitoa. Nikaweka mbeleko ya manjano ndani ya mfuko ule ule, nikaufunga kama ulivyokuwa. Ungefika huko, ungeufungua mbele yao wote, na mbele yake, na pasingekuwa na kingine cha kuweka. Nilishaiona siku hiyo kwa macho yangu. Mkwe wangu bado yu hai, angekitambua kitambaa chao. Yule mke angekitambua. Na baba yako angeshuka chini na sare yake ya wageni, akaingie nayo huko anakokwenda, aulizwe ni ya nani.

Nilipomaliza nilikunywa chai, nikatulia. Nilishangaa nilivyotulia.

Barua hii nilipoianza, mfuko ulikuwa bado vile. Nilikuwa nikuandikie mengine, usiamini watu, usiwape moyo wako, na mwisho nikwambie ukifungua mfuko utaelewa. Kisha ile simu yako uliyoiacha hapa ikila chaji ikalia ujumbe. Sauti ya shangazi Clarisse. Najua si ya kwangu. Nimeisikiliza.

Alisema kwa kile Kiingereza chake cha kuokoteza, ambacho mimi na kile changu tunaelewana. Amesema barabara imekauka. Amesema mvua ya mwisho imenyesha juzi na tangu hapo vumbi limeanza. Halafu akasema, "Sena, bring old dress. Many people coming. You cook with us, you don't sit." Nyuma yake kulikuwa na wanawake wanacheka na kitu kinatwangwa, na mmoja akaita kwa sauti, na katika yote aliyosema nilishika neno moja tu, jina lako lote, Senami, kama mtu anavyomwita mtoto aliyechelewa kuleta maji.

Nimeisikiliza tena na tena, mpaka Bi Rukia akaniuliza huko kuna nini.

Nguo kuukuu. Upike nao, usikae. Mwanangu, mimi nilikaa kwenye kile kiti mpaka kikaniachia alama, na hakuna aliyewahi kuniambia niinuke. Wewe hujatia mguu kwenye treni na wameshakutuma. Sijui kama ninafurahi. Kuna uchungu mwingine ndani yake ambao sikuutazamia, kwamba kumbe walijua namna ya kumfanya mtu wa nyumba, walijua siku zote, ila si kwangu. Na kipande kile cha buluu mapajani kwa yule mama kilikuwa cha kweli. Huenda ungekuwa kwenye picha. Huenda pia ungebaki kule na mimi nikarudi na mgongo mtupu. Nimepima na kupima hapa, kama ninavyopima nguo isiyotosha, na bado nisingekutoa. Hilo sitakuomba radhi.

Nimeufungua mfuko. Kikoi chako nimekirudisha, nimekipiga pasi kwanza, kilikuwa na mikunjo. Ya manjano nimeitoa. Nilidhani namrudishia chake. Lakini nilipoishika nikaona ile pembe uliyokuwa ukiitafuna meno yakiota, imekuwa nyuzi nyuzi, na pale katikati palipopauka kwa mgongo wangu. Yeye hajabeba kitu ndani ya kitambaa hiki hata siku moja. Kwa nini azikwe nacho? Kitambaa changu hiki, na chako. Kikae hapa Kisauni, na siku ukizaa utaniambia kama unakitaka au nikipasue niwe nafutia mafuta cherehani.

Mahali pake begini nimekutilia lile dera lako la jikoni, lenye doa la mafuta ya viazi ambalo halikutoka. Ukifika vaa hilo. Ukipewa jani funga unga, hata ukifunga vibaya, hata wakikucheka. Ukitumwa maji nenda, na ukiona njaa kata mkate, usingoje mtu. Kama sivyo ilivyo, kama shangazi yako alisema tu ya mdomoni na siku ikifika wakakuletea kitambaa cha manjano, basi kikunje ukiweke kwenye kiti, mfunike baba yako kikoi chako, uje. Treni ya Miritini inarudi kila siku, na mimi nitakuwa kwenye lile geti.

Na wakiita picha ya nyumba, mwanangu, simama. Karibu na sanduku lake kabisa. Kule kote alikuwako mtu mmoja tu aliyejua kusema sogea kidogo kwa Kiswahili, na huyo ndiye mnayemzika.

Mama yako,
Dama